Kichwa cha Kwanza cha Askari wa Bustanini

Kila kijana wa ufundi anayepita kwenye ile bustani ya mashujaa hunirudia na swali lile lile: "Mzee, mbona askari wako ana shingo nene namna ile?" Anauliza huku anacheka, simu mkononi, keshampiga picha na kuwatumia wenzake. Basi leo nawajibu wote kwa mkupuo, niachwe nitafune punje zangu za kahawa hapa Hamugembe, Bukoba, kwa amani. Shingo ni nene kwa sababu ilikatwa. Aliyeikata ni mimi, kwa grinda, mchana kweupe, kwa maagizo ya watu waliosoma. Hata wewe mrembo, ukikatwa kichwa ukaungwa kingine, utanenepa shingo.

Mji wenyewe sitautaja. Ni mji mdogo, uko katikati ya Bukoba na Muleba, una stendi, una baa nyingi kuliko inavyohitajika, na nina wakwe huko. Nataka kuendelea kualikwa harusini.

Mimi ni fundi wa sanamu za saruji. Nilikuwa, niseme, maana mgongo umestaafu kabla sijaamua. Maisha yangu yote nimetengeneza watakatifu, na misalaba ya makaburi. Ukipiga magoti kwenye groto yoyote ya Bikira Maria upande wetu huu, kuna uwezekano mkubwa unasali mbele ya mchanga niliouchekecha mimi, na kama sala zako hazijibiwi, tafadhali usije kunidai.

Kazi nilifundishwa na Ta Leonsi wa Kahororo, mzee aliyekuwa na njia mbili za kufundisha: kunyamaza, na kukurushia mwiko. Ukikosea ananyamaza. Ukikosea tena, unainama. Ninyi mna bahati, mnafundishwa na video, na video haina mkono. Ndiyo maana mnatengeneza vyungu vya maua vinavyopasuka kabla ya ua lenyewe kuchipua.

Ta Leonsi alinikataza mchanga wa ziwani. "Ule ni wa kutembezea wachumba," alisema, "siyo wa kujengea." Mimi, kijana mwerevu, nikaona mchanga wa ziwani ni mweupe, laini, uko bure, na mzee ana wivu tu. Nikamtengenezea paroko mmoja Mtakatifu Antoni wa kupendeza mno, amembeba Mtoto Yesu. Mvua ya masika ya kwanza ikanyesha, mkono wa mtakatifu ukaanguka wenyewe katikati ya misa, Mtoto akabaki ananing'inia kwenye waya. Paroko aliniita akaniuliza, kwa upole wote wa kipadre, kama ule ulikuwa muujiza au uzembe. Tangu siku ile natumia mchanga wa mtoni, nauosha mpaka maji yatoke safi, na ninyi mtauosha hivyo hivyo.

Nawaambia na hili, maana hamtalisikia kwenye video. Sanamu husimama kwa nondo na waya wa kuku, siyo kwa saruji. Saruji ni nguo. Mtu akisimama vibaya akiwa uchi, suti haitamsaidia. Funga mifupa kwanza, rudi nyuma, itazame ukiwa mbali, kisha ndiyo upake. Uso haufanywi mota ya saruji ikiwa mbichi wala ikishakauka. Unaufanya inapoanza kushika, kwa kijiko cha chai na subira. Halafu unafunika kwa gunia bichi na kumwagilia maji asubuhi na jioni wiki nzima, ingawa majirani watakuuliza kama unaotesha watakatifu.

Sasa kuhusu vichwa. Ta Leonsi alikuwa na kalibu moja tu ya kichwa cha mwanamume, akaniachia mimi alipofariki. Kalibu hiyo ilikuwa ya Mtakatifu Yosefu. Tukiagizwa Yosefu, tunatoa Yosefu. Tukiagizwa Petro, tunatoa Yosefu, tunamwongezea ndevu na funguo. Antoni ni Yosefu aliyenyolewa. Waumini hawajawahi kulalamika, kwa sababu muumini anaangalia mkono umeshika nini, haangalii pua. Huo ndio ufundi, msijidanganye. Siku hizi nasikia mnaleta sanamu za faibaglasi kutoka mijini, kila mtakatifu na sura yake, nyepesi kiasi kwamba upepo wa ziwa ukija inabidi Bikira Maria afungwe kamba. Hongereni.

Basi ikaundwa kamati ya bustani ya mashujaa. Mji ule ulikuwa umeamua kuwakumbuka watu wake waliokwenda Vita vya Kagera. Wazo zuri, sina utani nalo. Utani wangu ni kwa kamati. Kamati ile ilikutana kabla hatujanunua mfuko mmoja wa saruji, ikakutana tena kujadili mkutano uliopita, ikala chapati na chai ya maziwa mpaka mama wa chapati akajenga jiko la matofali. Katibu wake alikuwa mtumishi wa serikali, kijana msafi, mwenye shahada na viatu vilivyochongoka, tukimwita Katibu na yeye akiitikia kwa raha. Nshomile kamili, msomi wa kujisikia, wa aina ile ambaye ukimsalimia kwa Kihaya anakujibu kwa Kiingereza ili usije ukadhani alizaliwa kama sisi.

Hoja ya kwanza: askari aangalie wapi? Ta Projesti, aliyepigana vita ile na kurudi na goti moja zima, akasimama kwa fimbo yake akasema, "Adui alikuwa kaskazini. Kwenye ramani yenu huyu anaangalia kusini. Kusini kuna baa. Mnataka kusema tulipigana na baa?"

Katibu akamweleza taratibu, kama anamfundisha mtoto kuvaa soksi, kwamba jukwaa la wageni limejengwa kusini, na mgeni rasmi hawezi kukaa akitazama mgongo wa shujaa. "Itifaki, mzee."

"Basi hamisheni jukwaa."

"Jukwaa tayari lina zege, mzee."

Hivyo ndivyo mpaka wa nchi ulivyoshindwa na zege la jukwaa. Askari akaangalia baa, na bado anaiangalia.

Ta Projesti hakukata tamaa. Alikuwa anakuja kila siku ninapofanya kazi, anakaa juu ya mfuko wa saruji, ananikosoa. Nilitengeneza mabega yakiwa juu, kifua mbele, kama askari wa gwaride. Akatikisa kichwa. "Huyu hajaenda popote," akasema. "Huyu katoka kupiga pasi. Watu wanadhani vita ni kupiga risasi. Vita ile ilikuwa kutembea, fundi. Tulitembea mpaka ukisimama unalala. Mshushe mabega."

Nikamshusha mabega. Nikampa mzigo mgongoni, buti zilizopinda kisigino. Kichwa, ninyi mnajua nilitoa wapi. Nilimtoa Yosefu kwenye kalibu, nikamnyoa ndevu, nikamvisha kofia ya chuma. Na nawaambia ukweli, ilimkaa. Yosefu naye alitembea, alikwenda mpaka Misri na punda mmoja na mke mwenye mtoto mchanga. Macho yake yale ya kutazama chini kidogo, mashavu yaliyoingia, mdomo uliofungwa: ulikuwa uso wa mtu aliyechoka ambaye bado hajafika. Ta Projesti alipomwona aliinuka kwenye mfuko wake wa saruji, akasema, "Sasa huyu namfahamu," akaondoka bila kuaga. Sijawahi kupata sifa kubwa kuliko hiyo, na mimi nimepigiwa makofi na askofu.

Kwa bahati mbaya na kina mama wakamfahamu. Walipokuwa wanatoka sokoni na vikapu vyao, wanafika mbele ya askari, wanasimama, wanafanya ishara ya msalaba. Mmoja akamwekea maua. Mwingine nilimkuta anamwomba mwanawe afaulu mtihani. Katibu akanijia juu.

"Fundi, kwa nini watu wanasali hapa?"

"Ni Wakatoliki," nikasema. "Wanasali popote penye kivuli."

Hakucheka. Alikuja na watu wawili wa maandalizi ya uzinduzi, wakazunguka sanamu, wakanong'onezana. Hukumu ikatoka: askari wetu ana huzuni. Mgeni rasmi akimwona hivi atadhani tulishindwa vita. Kichwa kitolewe, kiwekwe kingine chenye kidevu juu na tabasamu la ushindi. "Tabasamu dogo," Katibu akaniwekea mipaka, "la heshima."

Ta Projesti alisema neno la Kihaya ambalo sitaliandika, akatupa fimbo yake chini, halafu ikabidi tumwokotee.

Nikakata. Mnaojifunza leo, msikate shingo ya sanamu kwa grinda bila kuitegemeza kwa mbao, itakuangukia mguuni. Nikakiteremsha kichwa, nikakiweka chini karibu na lundo la kokoto, nikaanza kufikiria mtu anayetabasamu akiwa amebeba mzigo. Hapo ndipo Ma Paskazia aliponijia.

Ma Paskazia alikuwa anauza karanga getini pa bustani. Mama mtu mzima, mfupi, mkavu, ulimi mkali kuliko wangu, na hilo nalisema kwa uchungu. Kila asubuhi alikuwa ananiletea uji, na kila asubuhi ananiambia uji ule ni makapi ya wajukuu. Nilijua habari zake kama kila mtu alivyozijua. Mume wake, Anatoli, alikuwa mgambo. Vita ilipokuja alikwenda na wengine, akamwacha na mtoto mgongoni. Waliorudi wakarudi. Waliokufa wakaletewa habari, wakazikwa, wakaliliwa. Kuhusu Anatoli ulikuja ujumbe mmoja: hajulikani alipo. Toka hapo hakuna mtu wa serikali aliyekuja tena kusema lolote, si kwamba yu hai, si kwamba amekufa.

Ninyi wa mijini mnaweza msielewe ubaya wa neno hilo. Kwetu mtu anazikwa kwenye kibanja chake, chini ya migomba aliyoipanda, karibu na baba yake. Asipozikwa hakuna msiba. Hakuna kukaa kwenye nyasi, hakuna kulia, hakuna pole. Ma Paskazia alipotaka kulia, wazee wa ukoo walimkataza: ukimlilia mtu ambaye hajafa, unamuua wewe. Akanyamaza. Akabaki hivyo, si mke, si mjane, akimtunza mume asiyekuwepo. Kibanjani, pembeni ya kaburi la baba mkwe, aliacha nafasi ya mtu mmoja, hakupanda mgomba wala maharage, akawa anaipalilia kila mwezi kama kaburi, wakati hamna kitu.

Siku ile alisimama juu ya kichwa, akakitazama.

"Hiki mnakipeleka wapi?"

"Nitakivunja, kiwe kokoto."

"Nipe mimi."

"Cha nini, Ma? Utakalia?"

"Nikakizike."

Nilicheka, ndiyo, nilicheka, kwa sababu alikuwa mtu wa utani. Hakucheka. Nikamuuliza kama kinafanana na Anatoli. Hapo akachuchumaa, akafuta vumbi kwenye shavu la saruji kwa ncha ya khanga.

"Sijui," akasema. "Nimesahau sura yake, fundi. Picha hatukuwa nayo. Nilikuwa naikumbuka, nikawa naikumbuka nusu, sasa sina hata hiyo. Ila huyu amechoka. Na yeye lazima alichoka."

Nikaweka grinda chini, nikachuchumaa naye.

"Mwanangu yuko Mwanza," akaendelea. "Akija Krismasi ananiambia, mama, pale tupande ndizi, panakaa bure. Nikifa mimi watapanda. Watapanda kabla hata nyasi za msiba wangu hazijakauka, na Anatoli atakuwa hakuwahi kuzaliwa. Nataka nimweke mahali pake kabla sijaenda mimi. Hicho tu, bojo, nakusihi."

Nilikwenda kwa Katibu kuomba. Ndiyo, niliomba, kwa njia iliyonyooka, kofia mkononi, na mnisamehe ujinga huo. Katibu alinisikiliza huku anaangalia simu.

"Haiwezekani. Kichwa ni mali ya umma."

"Lakini mmeniambia nikivunje."

"Ukivunje mbele ya kamati. Wananchi wakisikia kichwa cha shujaa wa taifa kiko mtaani, kinazikwa kwenye migomba, utanieleza nini? Wiki ijayo ni uzinduzi. Vunja."

"Sawa," nikasema, "nitakivunja." Sikusema lini.

Jioni nikampa Ma Paskazia habari, na asubuhi iliyofuata nilikifunga kichwa kwenye shuka, nikasimamisha bodaboda. Kijana akauliza mzigo ni nini. Nikasema kichwa. Akazima pikipiki. Nikamweleza kwamba ni cha saruji. Akasema hata hivyo, kichwa ni kichwa, na alidai nauli ya abiria wawili, mimi na mwenzangu. Nikamlipa. Njia nzima alikuwa anaendesha mpola mpola, anakwepa kila shimo, na tulipofika alikishika yeye mwenyewe kwa mikono miwili kunisaidia kukiteremsha. Nilimwona mjinga mwanzoni.

Kwa Ma Paskazia kulikuwa na kesi inaendelea. Shemeji yake, Ta Kalisti, ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, amekunja uso.

"Tutachekwa," alisema. "Watasema ukoo wetu unazika matofali."

"Watasema," Ma Paskazia akamjibu. "Walisema pia nilipokataa kuolewa na wewe, na hawakufa."

Watu wakacheka, hata Ta Kalisti akatabasamu kwa shida. Halafu akainuka, akaja pale nilipokuwa nimekiweka kichwa, akafunua shuka. Alikitazama muda mrefu. Anatoli alikuwa kaka yake mkubwa. Yeye alikuwa bado mdogo walipoagana.

Vijana wa kuchimba wakauliza: tuchimbe shimo la kiasi gani? Kwa kichwa, mmoja alisema, futi mbili zinatosha, tusichoshane bure.

Ta Kalisti akageuka kwa hasira. "Mnazika kuku? Chimbeni kaburi la mtu mzima!"

Hapo ndipo kesi ilipokwisha.

Wakachimba kaburi la mtu mzima, urefu wa mtu, kina cha mtu. Nyasi zikatandikwa uani. Majirani wakaanza kuja, wengine kwa mshangao, wengine kwa umbea, lakini walipofika na kuwakuta kina mama wamekaa chini, nao wakakaa. Ta Kalisti akatoa lubugo, kitambaa kile cha gome la mti tunachowafungia wafu wetu, alichokuwa amejiwekea kwa ajili ya siku yake mwenyewe. Tukakifunga kichwa. Katekista alikuja na kitabu chake, nami nikamvuta pembeni nimweleze hali ilivyo, kwamba hiki ni saruji, na kwa kweli ni Mtakatifu Yosefu. Akaniambia, "Fundi, Mungu anajua nani tunamzika. Hahitaji maelezo yako." Nikarudi kukaa.

Ndipo tukasikia gari. Gari la serikali halijifichi, lina namna yake ya kufunga breki. Akashuka Katibu, na nyuma yake mgambo mmoja. Mtu alikuwa amepeleka habari. Kila mji una redio yake.

Alikuja kwa hatua za haraka, kidole tayari kimenyooka. Kisha akafika penye nyasi. Waitu, wenzangu, muwe na shahada au msiwe nayo, Mhaya akikanyaga nyasi za msiba miguu inakumbuka yenyewe. Alipunguza mwendo. Kidole kikashuka. Yule mgambo akavua kofia bila kuambiwa. Watu wote walikuwa wanamtazama, na hakuna aliyesimama, maana msibani hatumsimamii mkubwa.

"Nimekuja," akaanza, "kuhusu suala la..."

Ma Paskazia alikuwa amekwisha inuka. Alimfuata, akampokea mkono kwa mikono yake miwili, akapiga goti kama tunavyowasalimia wageni.

"Karibu, mwanangu," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Asante serikali kwa kuja. Nimekungoja tangu nikiwa msichana."

Sijui mpaka leo kama alijua jamaa amefuata nini. Nadhani alijua. Alikuwa mama wa kujua.

Katibu alinitazama mimi, na kama macho yangekuwa mwiko ningeinama. Akatazama lubugo, kaburi, Ta Kalisti.

"Kabla hatujazika," Ma Paskazia akasema, akiwa bado amemshika mkono, "tunapokea salamu. Ukoo umeshasema. Kanisa limeshasema. Ilibaki serikali. Nyie ndio mliomchukua, nyie ndio mtuambie. Tuambie, mwanangu. Yuko wapi mume wangu?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya dharau juu ya kijana yule kwa siku nyingi, na nayarudia kwa furaha kila nikipata msikilizaji, lakini ya pale siwezi kuyachekea. Alisimama pale na viatu vyake vilivyochongoka vikizama kwenye nyasi. Angeweza kusema kichwa ni mali ya umma. Alikuwa na mgambo, alikuwa na gari. Badala yake aliuliza polepole, kwa Kihaya, Kihaya kizuri cha nyumbani ambacho hatukujua anacho, "Ma, aliitwa nani?"

"Anatoli."

Akajiweka sawa. Akafunga kifungo cha koti.

"Kwa niaba ya serikali," akasema, akawageukia waliokaa kwenye nyasi. "Kwa niaba ya serikali, nawaambia ndugu wote mliopo hapa kwamba Anatoli alikwenda vitani kwa ajili yetu. Anatoli hakurudi. Anatoli amekufa. Tulichelewa kuwaambia. Mtusamehe."

Hakuwa na mamlaka ya kusema hivyo, bila shaka. Kuna ofisi kubwa za kusema maneno hayo, na hakuna aliyemtuma. Aliyasema.

Na Ma Paskazia akalia. Sikuwahi kusikia kilio cha namna ile, na fundi wa makaburi amesikia vingi. Aliita, "Anatoli! Mawe, mama wee, Anatoli!" akajitupa chini, na wanawake wote wakamwangukia, wakamshika, wakalia naye, kilio kilichozuiwa tangu mtoto yule wa mgongoni alipokuwa hajaota meno. Ta Kalisti alilia akiwa amesimama, mikono imening'inia. Ta Projesti, aliyeletwa na mtoto wa dada yake kwa pikipiki, alipiga saluti. Mimi nililia pia, mkitaka kujua. Machozi hayaharibu fundi.

Tukateremsha. Katibu alitupa udongo wake kama watu wote, akapangusa mikono, akaondoka bila kuniangalia. Wiki iliyofuata uzinduzi ulifanyika. Askari mwenye tabasamu dogo la heshima alifunuliwa kitambaa, mgeni rasmi akapiga makofi, na aliyeuliza kichwa cha kwanza kiko wapi aliambiwa na Katibu, mbele yangu, kwamba kilishughulikiwa kwa kufuata taratibu.

Lakini mimi nawaambia habari za kesho yake ya maziko, siyo za uzinduzi. Nililala pale msibani. Mvua ilinyesha usiku, ile mvua ambayo kila mtu huwa anaamka nayo na jembe. Kwetu mtu akizikwa, siku inayofuata jembe halitoki ndani, kijiji kizima. Nilipoamka nilitoka nje nikaangalia mabonde. Hakuna mtu aliyekuwa shambani. Hata wale waliotucheka jana walikuwa wamekaa milangoni, mikono mitupu.

Akapita mchuuzi wa samaki, mgeni, mmoja wa wale wanaokuja na baiskeli kutoka ziwani, wazaliwa wa mbali wanaoishi visiwani. Akashangaa ukimya ule. Akamwona Ma Paskazia amekaa barazani, macho yamevimba, khanga kiunoni.

"Mama, shikamoo. Mbona leo hamlimi na mvua imenyesha?"

"Marahaba. Tumefiwa."

"Ah, poleni sana. Amefariki nani?"

"Mume wangu."

Kijana akashuka kwenye baiskeli, akaiegemeza, akavua kofia. "Pole sana, mama yangu. Lini tena?"

Ma Paskazia akaelekeza kibanjani, penye udongo mpya.

"Jana," akasema.